Maneno 500 tu: Riwaya ya vijana inayoonyesha jinsi lugha inavyogawa watu

Fikiria umepewa maneno 500, na hayo ndiyo utakayotumia mpaka unaingia kaburini. Kwa maneno hayo utanunua mkate, utatongoza, utabembeleza mtoto na utamlilia mzazi wako akifariki. Ukitamka neno lililo nje ya orodha na askari akakusikia, unafukuzwa mjini. Na huko nje hakuna maji ya uhakika wala chakula.

Hayo ndiyo maisha ya Ark, mji wa kubuni katika riwaya The Wordsmith ya mwandishi wa Ireland, Patricia Forde. Kitabu kilichapishwa Dublin mwaka 2015, kisha kikatoka Marekani mwaka 2017 kwa jina jingine, The List. Kiliandikwa kwa ajili ya vijana, ila mtu mzima akikianza hakiachi upesi.

Swali lake ni jepesi kuliuliza, kulijibu ndio kazi. Jamii inakuwaje pale ambapo tofauti kati ya mkubwa na mdogo ni idadi ya maneno ambayo kila mmoja anaruhusiwa kuyatamka?

Kinachoshtua ni kwamba sehemu kubwa ya jibu haihitaji kubuniwa. Ipo kwenye historia ya nchi ya mwandishi mwenyewe. Na ukitazama vizuri, ipo hata kwenye madarasa yetu.

Kitabu kinahusu nini?

Dunia imeharibika. Joto limepanda, barafu imeyeyuka, bahari imemeza nchi. Watu wa Ark wanauita wakati huo Myeyuko. Waliobaki wanaishi ndani ya mji ulioanzishwa na mtu mmoja, John Noa, ambaye aliona maafa yanakuja akajiandaa mapema. Jina lake linakukumbusha Nuhu na safina yake, na hilo si bahati mbaya.

Noa ana maelezo yake kuhusu kilichoiponza dunia. Anasema ni maneno. Wanasiasa walidanganya kwa maneno, watu wakabishana kwa maneno, na wakati wanabishana barafu ikaendelea kuyeyuka. Dawa yake ni kuwapunguzia watu maneno ili waishi kama viumbe wengine, bila porojo. Muziki na sanaa navyo vimepigwa marufuku.

Mhusika mkuu ni Letta, msichana anayejifunza kazi kwa bwana mmoja anayeitwa Benjamin. Benjamin ndiye mhunzi wa maneno wa mji. Kazi yake ni kukusanya maneno ya zamani, kuyaandika kwenye kadi na kuyahifadhi, na pia kuwaandalia wananchi yale yaliyoruhusiwa. Letta anaamini kwamba maneno yaliyofungiwa yanatunzwa tu, na kwamba siku moja yatarudishwa.

Kisha Benjamin hayupo tena, anaambiwa amekufa, na yeye anapandishwa cheo ghafla. Karibu na wakati huo kijana anayeitwa Marlo anaingia dukani kwake akiwa amejeruhiwa. Letta anapoanza kuuliza maswali anagundua kwamba orodha ya maneno 500 haikuwa mwisho wa mpango wa Noa. Kuna kibaya zaidi kinachoandaliwa.

Hapo naishia, nisije nikakuharibia utamu.

Nani ana maneno mangapi?

Huu ndio upande wa kitabu unaostahili kusomwa taratibu. Ark haijagawanyika kwa rangi wala kabila. Imegawanyika kwa lugha.

Mwananchi wa kawaida ana orodha yake. Mhunzi wa maneno na mwanafunzi wake wanajua maneno mengi kuliko wote kwa sababu ndiyo kazi yao, hivyo wanaishi na siri ambazo jirani zao hawana hata jinsi ya kuzitaja. Juu kabisa yupo Noa, ambaye anaweza kuzungumza lugha yote bila kuogopa mtu. Nje ya kuta wapo waliofukuzwa, na wapo wasanii wanaojificha ambao bado wanaimba na kuchora.

Hebu tazama hapo. Aliyepiga marufuku maneno ndiye anayeyatumia kwa uhuru kuliko wote. Yule anayeambiwa kwamba maneno ni sumu ndiye aliyekatwa ulimi.

Kwa nini kiongozi aogope maneno?

Tuutoe mfano wetu wenyewe. Kwenye Kiswahili tuna mpunga shambani, mchele sokoni na wali kwenye sahani. Tuseme Noa wa huku kwetu anaamua kwamba neno moja linatosha, wali, na hayo mengine yafutwe.

Utaendelea kula kama kawaida. Lakini siku muuzaji akikupimia mchele uliojaa chenga na mawe, utalalamikaje? Siku mkulima akidhulumiwa bei ya mpunga wake kabla haujakobolewa, atasemaje? Tatizo lipo palepale, maumivu yapo palepale, ila njia ya kuyafikisha kwa mwingine imezibwa.

Sasa ondoa na maneno kama ahadi, haki, dhuluma na jana. Mtu asiye na neno ahadi atamkumbushaje kiongozi alichokisema wakati anaomba kura? Hapo ndipo unapoelewa kwa nini Noa hahangaiki sana na majina ya vyombo vya jikoni. Anahangaika na maneno ambayo watu wawili wakiyatumia pamoja wanaweza kukubaliana kwamba jambo fulani si sawa.

Wazo hili lilianza zamani

Forde hakuwa wa kwanza kupita njia hii. Mwaka 1949 George Orwell alitoa riwaya yake 1984, ambamo serikali inatengeneza lugha mpya na kila toleo la kamusi linakuwa jembamba kuliko lililotangulia. Lengo ni kufika mahali ambapo mtu hawezi hata kufikiria uasi kwa sababu hana maneno ya kuufikiria.

Mwaka 2017 Mmarekani Gregory Scott Katsoulis alitoa All Rights Reserved, riwaya nyingine ya vijana. Humo kila neno lina mwenyewe na lina bei. Mtoto anazungumza bure, lakini akifika miaka 15 anavalishwa bangili inayomkata pesa kwa kila neno. Mhusika wake, Speth, anaamua kunyamaza kabisa. Mwaka uliofuata Christina Dalcher akatoa Vox, ya watu wazima, ambamo wanawake wa Marekani wanaruhusiwa maneno 100 tu kwa siku.

Ukiviweka pamoja unaona njia tatu za kumnyima mtu lugha: unaifuta, unaiuza, au unampimia kwa siku. Ila kuna njia ya nne, na hiyo ndiyo iliyotumika kweli.

Ireland: pale ambapo haikuwa hadithi

Patricia Forde ni mtu wa Galway, magharibi mwa Ireland. Amewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ameandika kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiairishi. Mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Laureate na nÓg, yaani balozi wa taifa wa fasihi ya watoto na vijana. Kaunti yake ina maeneo ambayo Kiairishi bado ni lugha ya nyumbani. Kwa nchi nzima, maeneo hayo ni machache.

Haikuwa hivyo siku zote. Karne nyingi zilizopita Kiairishi ndicho kilichokuwa lugha ya watu wengi kisiwani humo. Watawala kutoka Uingereza walianza mapema kuwekea lugha mipaka. Sheria za Kilkenny za mwaka 1366 ziliwakataza walowezi wa Kiingereza kuzungumza Kiairishi, maana walikuwa wameanza kuzama kwenye utamaduni wa wenyeji. Mwaka 1737 ikaja sheria iliyotaka kesi zote mahakamani ziendeshwe kwa Kiingereza tu. Yaani unaweza kushtakiwa, ukasimama kizimbani, na usielewe kinachosemwa juu yako. Kwa upande wa Ireland Kaskazini, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuifuta mwaka 2022.

Lakini sheria peke yake hazikuiangusha lugha. Vilichoiangusha ni shule, njaa na aibu.

Mwaka 1831 ulianzishwa mfumo wa shule za taifa, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Kisha ikaja Njaa Kuu ya kati ya 1845 na 1852, pale viazi vilipooza mashambani mwaka baada ya mwaka. Takribani watu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Walioumia zaidi ni maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wazungumzaji wakubwa wa Kiairishi. Sensa ya mwaka 1851, ya kwanza kuuliza swali la lugha, ilikuta Kiairishi kimebaki kwa karibu robo ya watu.

Kwenye kipindi hicho ndipo unapokutana na kile kijiti.

Kijiti cha shingoni

Kiliitwa bata scóir, yaani kijiti cha kuhesabia. Mtoto alivalishwa shingoni kwa kamba. Kila alipotamka neno la Kiairishi kijiti kilikatwa alama moja, na mwisho wa siku alama zilihesabiwa, kisha viboko vikafuata kwa idadi hiyo.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Alama hizo hazikukatwa na mwalimu peke yake. Kuna kumbukumbu za wazazi waliozikata wenyewe nyumbani, jioni, mtoto anapojisahau na kuongea lugha ambayo mama yake ndiyo anayoijua. Kijiti kikarudi shuleni asubuhi kikiwa na hesabu ya nyumbani.

Wazazi hao hawakuwa makatili. Walikuwa wameona njaa. Walijua meli zinakwenda Boston na New York, na kwamba huko, kama ilivyo ofisini na mahakamani, kinachotakiwa ni Kiingereza. Walitaka mtoto aishi. Wakaamini kwamba ili aishi lazima lugha yao ife.

Ndiyo maana nasema kuna jambo moja ambalo hata Noa wa kwenye riwaya hakulifikia. Yeye anahitaji askari kila kona ili watu wasizungumze. Ireland ya karne ya 19 ilifika mahali ambapo askari wa lugha alikuwa baba mwenye nyumba.

Je, inawezekana kweli kuua maneno?

Kwa amri tu, ni vigumu. Watu hawaishiwi maneno kirahisi.

Mfano mzuri ni Nicaragua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi walianza kukusanywa kwenye shule jijini Managua. Walimu walijaribu kuwafundisha kusoma midomo kwa Kihispania, na haikufaulu vizuri. Kumbe watoto wenyewe, wakiwa uwanjani na kwenye basi la shule, walikuwa wanatengeneza lugha yao ya ishara. Leo ni lugha kamili yenye sarufi yake, na hakuna mtu mzima aliyeibuni na kuwapa.

Kwa hiyo ukiwapa watoto wa Ark maneno 500, siku ya pili watakuwa wameunganisha mawili kupata la tatu. Angalia Sheng ya Nairobi. Neno la jana leo limeshazeeka.

Hata hivyo, orodha fupi ina gharama. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Kay Ogden alitangaza Kiingereza cha msingi chenye maneno 850. Yeye hakuwa Noa, alitaka tu kuwarahisishia wageni kujifunza. Lakini neno likikosekana kwenye orodha, lazima uzunguke kwa maneno mengine mengi mpaka ufike. Kwenye mazungumzo ya kawaida unaweza kuvumilia. Mbele ya hakimu, daktari au mwajiri, mwenzako mwenye neno moja tayari ameshamaliza kujieleza.

Basi, kufuta maneno kwa amri ni kazi ngumu. Kumfanya mtu aone aibu kuyatumia ni rahisi zaidi, na matokeo yanadumu. Ireland ilipata serikali yake mwaka 1922, na katiba ya 1937 ikakifanya Kiairishi kuwa lugha rasmi ya kwanza. Kinafundishwa shuleni mpaka leo. Kwenye sensa ya 2022 watu takribani milioni 1.87 walisema wanakijua. Lakini waliosema wanakitumia kila siku nje ya shule walikuwa takribani 72,000.

Serikali inaweza kuirudisha lugha kwenye vitabu. Kuirudisha jikoni ni kazi nyingine kabisa.

Na huku kwetu?

Kama umesoma Kenya, huenda kile kijiti kimekukumbusha kitu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kwenye Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986. Shuleni kwao kulikuwa na kifungo kilichopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto. Aliyekutwa akiongea Kikuyu alikabidhiwa, naye akamsubiri mwingine akosee ili amkabidhi. Jioni waliokipitia walitajana, na viboko vikafuata. Ngũgĩ aliona kwamba mchezo huo uliwafundisha watoto kusalitiana.

Kati ya Galway na Limuru kuna bahari na karibu miaka mia moja. Ila mbinu ni ileile, na mwenye himaya alikuwa yuleyule.

Tanzania ina namna yake. Shule ya msingi ya serikali unasoma kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Nilipita humo. Darasani kwetu kulikuwa na kijana ambaye huko tulikotoka ndiye aliyekuwa anajibu kila swali, mpaka walimu wanamwambia awaachie na wenzake. Kidato cha kwanza alinyamaza. Mwalimu wa baiolojia akiuliza, anainamisha kichwa. Wakati wa mapumziko alikuwa anatueleza mada ileile kwa Kiswahili, tena vizuri kuliko kitabu.

Hakuna askari aliyemfuata. Aliishiwa maneno tu. Na kadri miezi ilivyokwenda sisi wenyewe tulianza kumwona kama mtu asiye na akili sana, wakati mwaka mmoja nyuma tulikuwa tunanakili kwake.

Nilipofika kwenye ukurasa ambapo Letta anaanza kuelewa kwamba watu wa mji wake si wajinga, wamenyimwa tu, nilimkumbuka yeye.

Siandiki haya kusema Kiingereza kifutwe. Hilo lingekuwa kosa lilelile la Noa, la kumpunguzia mtu maneno. Wazazi wanaolipa ada kubwa ili mtoto asome kwa Kiingereza tangu chekechea wana sababu zao, kama wale wa Ireland walivyokuwa na zao. Ila kumwongezea mtoto lugha ni jambo moja. Kumfundisha kwamba lugha aliyokuja nayo ni takataka ni jambo jingine, na kijiti cha shingoni kilifanya hilo la pili.

Mabadiliko yapo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale inapolazimu. Kwa mtu aliyewahi kusimama mahakamani akisikia jina lake tu kati ya maneno asiyoyaelewa, hilo si jambo dogo.

Kisomwe na nani?

Kama una mdogo wako wa miaka 11 au 12 anayesoma Kiingereza bila shida, mpe The Wordsmith. Ni hadithi yenye mbio, hatari na siri, hatahisi kama anafundishwa. Akikipenda, kuna sehemu ya pili, Mother Tongue, iliyotoka mwaka 2019. Humo Letta yupo msituni akiwafundisha watoto maneno kwa siri, na mjini watoto wachanga wanaanza kupotea.

Akimaliza, usimuulize amejifunza nini. Mpe kalamu na karatasi, mwambie aandike maneno kumi ambayo asingekubali yafutwe. Na wewe andika yako.

Mimi nilijaribu. La kwanza lilikuwa pole. Nilitafuta namna ya kulisema kwa maneno mengine, nikaona halisemeki.